Mikono Kisimani

Umm Sawwan, nyuma ya Madaba
Jumatano, siku za kupura shayiri

Dada yangu Wadha,

Hilo doa jeusi ulilokutana nalo hapo juu si wino uliomwagika. Ni mkono wa Nijmeh. Sasa hivi tu, nilipogeuka kuitoa dele ya kahawa motoni, amepindua kichupa cha wino, akachovya kiganja chote, akakipiga kwenye karatasi paa! kama karani wa serikali na muhuri wake. Kisha akanitazama akicheka kwa meno yake manne, anangoja nimsifu. Nilitaka kuichana karatasi nianze upya. Nikaushika ule mkono mdogo niufute kwa pindo la gauni, na hapo nikaukunjua nikautazama. Sitaichana. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Basi nianze kama watu wenye adabu. U hali gani, dada? Wanao hawajambo? Na goti la mama mkwe wako, bado linatabiri mvua? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Nijmeh anatembea akishika ukuta, na ukuta ukiisha anakaa chini na kuulaumu. Ukimwona utalia, maana paji la uso ni la mama mtupu. Swailem mume wangu yuko salama, mavumbi ya kupura yamemfanya mzee wa miaka mia. Unisamehe mwandiko. Masista walinifundisha kwa majira matatu ya baridi tu, na unajua nusu ya siku zenyewe nilikuwa nikifagia darasa.

Habari kubwa ni ya kisima cha baba. Hakimu wa ardhi wa serikali ya Amiri amepiga hema penye uwanja wa kupuria, na vijana wake wanaburuta mnyororo wa kupimia shamba kwa shamba. Hakimu huyu hasomi karatasi za zamani peke yake. Anauliza, anatembea, anaonyeshwa. Jumamosi anafunga daftari, na jina litakaloandikwa ndilo litakalobaki, letu na la wajukuu zetu. Ami Freih amesema kisima ni chake. Na mimi, dada, nimesimama mbele ya wanaume wote wa ukoo, mtoto mgongoni, nikasema si chako, Ami, ni cha Saliba na binti zake wawili.

Ungekuwepo ungesikia vicheko. Hasna, mkewe, alipaza sauti kutoka kwa wanawake akasema binti anayedai ardhi ya baba yake ni sawa na nyumbu tasa anayedai mtoto. Neno lile nililifunga kwenye ncha ya mtandio wangu, na juzi nimemrudishia. Nitakwambia.

Wewe uliolewa mjini Salt mapema, mengine sijui kama unayakumbuka kama ninavyoyakumbuka mimi niliyebaki. Baba alikuwa akisema nchi hii ya Moabu ni kama mwanamke aliyeolewa mara nyingi bila kuulizwa. Kulikuwa na wafalme wake wenyewe. Mmoja aliandika juu ya jiwe kule Dhiban kwamba kila mtu achimbe kisima nyumbani kwake, na babu zetu walipokuwa vijana watu wa Dhiban wakalichoma jiwe lile na kulimwagia maji baridi likapasuka, heri livunjike kuliko liende kwa Mturuki. Baada ya wafalme hao wakaja wa Ashuru, wa Babeli, Waajemi, Wanabati, Warumi, Warumi wa msalaba, Waarabu wa Shamu, Wafaranja wa ngome ya Karak, Mamluki, Waturuki. Baba hakujua kusoma, lakini alikuwa akiwataja kwa vidole, na vidole vikiisha anachukua vyako. Alisema wote waliacha kitu kimoja tu cha maana, nacho ni lipu ya kisimani. Pale shingoni lipu ilipobanduka, unakumbuka? Matabaka kama ya kitunguu. La kijivu, la waridi lenye vigae vilivyosagwa, jeupe, jeusi la majivu. Kila bwana mpya alipaka lake juu ya la mwenzake, kisha akaondoka na maji yakabaki.

Sisi tulipohamia hapa kisima kilikuwa kimejaa udongo mpaka mdomoni, na mtini umeota juu yake. Baba alikitoa udongo kwa majira mawili ya baridi, kikapu kwa kikapu. Ami Freih alikuja siku moja, akachungulia, akasema ndugu yake anachimba kaburi la ngamia. Na desturi yetu unaijua, hata mtoto anaijua: aliyesafisha kisima kilichokufa ndiye mwenyewe. Baba akapaka lipu yake juu ya zote. Na ile siku ya mwisho, lipu ikiwa bado mbichi, alituteremsha mimi na wewe kwa kamba. Mimi nilikuwa na miaka minne, nilikojoa kwa hofu, ukanicheka. Akaushika mkono wangu akaukandamiza ukutani, kisha wa kwako wa kushoto, ule ulioumwa kidole cha mwisho na jiwe la kusagia. Akasema hii ndiyo chapa ya ukoo wa Saliba, ile mistari aliyoichonga mdomoni mwa kisima ni desturi tu, ya wenye wana wa kiume.

Basi kosa lilikuwa wapi? Kosa ni lile walilofanya wote wa hapa. Waturuki walikuja na daftari, kila mwenye ardhi ajiandikishe, na watu wakanong'onezana kwamba jina likishaandikwa kwenye ardhi, kesho linasomwa jeshini. Mmoja akaandikisha shamba kwa jina la babu yake aliyekufa, mwingine kwa jina la mfanyabiashara wa mjini. Baba akaandikisha kisima na shamba kwa jina la kaka yake, maana Ami Freih alikuwa tayari na mvi ndevuni, jeshi halimtaki. Walikula mkate na chumvi juu ya jambo hilo. Na jina la baba halikuwa mahali popote, na Waturuki wakamchukua vilevile, si kwa daftari bali kwa kamba, akakate mialoni ya kuendeshea reli yao. Hakurudi. Hata kofia yake haikurudi.

Tangu hapo watawala wamebadilika kama wageni harusini. Mturuki akakimbia. Akaja mfalme wa Shamu kwa mwaka na kitu. Kukawa na serikali ya Karak ambayo mpaka leo hakuna anayejua ilianza lini na iliisha lini. Akaja Mwingereza na kofia yake, na Amiri huko Amman. Mama aliwaendea wote. Kila mmoja alimpa kiti, akamwonea huruma, kisha akafungua karatasi ileile ya Mturuki na kusoma jina lilelile. Adui anafukuzwa, karatasi yake inabaki imekaa kitini.

Ami Freih alisugua alama ya baba mdomoni mwa kisima akachonga yake. Na mwaka ule wa ukame, wewe ukiwa umeshakwenda, aliweka bamba la chuma na kufuli. Mama alimwendea kwa mtungi mmoja. Mimi nilikuwepo, dada, nimeshika gauni lake. Alimwambia mama kwamba maji ya mwaka huu ni ya mbuzi, na mbuzi hawaombi mara mbili. Mama akaanza kushuka bondeni na kiriba mgongoni, saa tatu kwenda, saa nne kupanda, kila siku ya Mungu, mpaka kifua kikafunga. Alikufa midomo imepasuka. Niliilowesha kwa kitambaa, na maji ya kitambaa kile niliyaomba kwa jirani. Tangu siku hiyo, Padri akisoma sala na kufika mahali pa kusamehe, mimi husogeza midomo tu.

Sasa turudi kwa hakimu. Aliniuliza nina shahidi gani. Nikamwambia kuna mikono miwili ya watoto ndani ya lipu, chini ya usawa wa maji, mmoja wangu na mmoja wa dada yangu. Akakuna kidevu, akasema ananiamini kama binti yake, lakini yeye si samaki, hawezi kuandika asichokiona. Wanaume wakacheka. Ami Freih akacheka kuliko wote, akasema basi tungoje kisima kikauke, na wote wanajua kisima kile hakijakauka tangu kipigwe lipu. Hakusema kilipigwa lipu na nani.

Hiyo ilikuwa Jumatano iliyopita. Ijumaa asubuhi mchungaji wa mbuzi wa Ami Freih aliteremsha ndoo, ikagonga tope.

Ee dada, ungeuona uso wake! Mbuzi mia na hamsini wamesimama juani wanalia, wapuraji wanaomba maji, na yeye anazunguka mdomo wa kisima akiita jina la Mungu kama mtu aliyepoteza punda. Wanawake wakasema Mungu amekumbuka. Jumapili Padri Butros akahubiri juu ya laana ya manabii kwa Moabu na maji yake yaliyokauka, akamtazama Ami Freih mpaka wote wakageuka kumtazama. Mimi niliinamisha kichwa kama mtakatifu wa kwenye picha.

Na Hasna akaja mlangoni kwangu. Hasna mwenyewe, na mtungi! Maana katika kijiji kizima kisima cha pangoni chini ya nyumba yetu kilikuwa na maji, tena mengi, na habari imeenea. Nilimwacha asimame nikamaliza kuchambua dengu, moja moja. Kisha nikamwambia nyumbu hana mtoto, kweli, lakini ndiye abebaye maji, na sasa mke wa ami atahitaji nyumbu wangapi? Nilijaza mtungi wake. Na mbuzi wao nimewanywesha kila jioni, wote, kwa mkono wangu, maana mbuzi hawakufuta alama ya mtu. Ila yeye Ami Freih sijampa hata tone. Nilimtumia salamu na mchungaji kwamba maji ya mwaka huu ni ya mbuzi.

Usinikaripie. Nililala vizuri usiku ule kuliko usiku wowote tangu mama afe.

Lakini hakukaa kimya na yeye. Jumatatu alimteremsha mwanawe mkubwa atafute ufa. Kijana akapanda, akanawa uso, na mama yake alipombana akasema kuna mikono ya watoto ukutani. Baba mtu akamkatiza, akasema ni mikono ya majini. Wanawake wakauliza tangu lini majini wana vidole vya binadamu, tena mmoja kidole chake cha mwisho kimekatika ncha. Kijiji kizima kikacheka. Hapo akaogopa. Akarudisha bamba na kufuli, akamwendea hakimu na wazee, akasema kisima hakikupasuka, kimeharibiwa; kuna mtu wa nyumba ya Swailem amekichezea, na anayeharibu kisima cha watu hawezi kudai kisima hicho. Wazee wamekata shauri hivi: leo adhuhuri, nyumbani kwetu, Mizna, yaani mimi, aweke mkono juu ya kichwa cha mtoto wake, mbele ya msalaba na mbele ya hakimu, aape kwamba hakuna mkono wa nyumba hii ulioyagusa maji yale. Akiapa, kufuli itafunguliwa na hakimu atashuka. Akikataa, dai limekufa.

Wameshafika. Wako chumba cha wageni, nawasikia. Swailem amewamiminia kahawa, na Ami Freih ameweka kikombe chake chini bila kukionja, kama desturi ya mwenye haja, hanywi mpaka apewe anachotaka. Kahawa yenyewe inapoa mbele yake. Na anayo kiu, dada, ametembea juani. Hajui kahawa hiyo imepikwa kwa maji gani.

Mimi najua. Sasa sikiliza, na barua hii uichome.

Ni mimi. Baba aliniambia, wewe ukiwa umeshapanda juu na mimi nangoja kamba, kwamba wazee wa kale hawakuchimba kisima kimoja bali viwili. Cha juu kinatuliza tope, cha chini kinapokea maji safi, na kati yao kuna mfereji wa kupitisha mkono mmoja ndani ya mwamba, wenye kizibo cha jiwe kilichofungwa kwa nguo na mafuta ya kondoo. Yeye alikipaka lipu kwa upande wa juu. Cha chini alisema kiko mahali fulani mtelemkoni, penye pango. Nilipoolewa na Swailem nikashuka pangoni kwake mara ya kwanza kuchota, nikaona ukutani tundu lililozibwa. Nikajua. Miaka mitatu nimepita mbele ya jiwe lile kila asubuhi na kila jioni, nalisalimia.

Alhamisi, watu wote wakiwa kwenye kupura, jua liko utosini, nilimfunga Nijmeh mgongoni nikashuka na mtaimbo. Nilibandua, nikachimbua, nikavuta. Kwanza lilitoka jasho tu. Kisha lipu ya upande wa pili ikakubali, jiwe likanirukia, maji yakaja kama ng'ombe anayetoka zizini. Yaliniangusha. Nijmeh mgongoni akapiga makofi, akacheka, alidhani ni mchezo. Nikakaa ndani ya maji ya baba mpaka kiunoni, nikacheka na mimi, na nikalia, nikaita jina la mama kwa sauti yote niliyo nayo, maana pango halina masikio. Swailem alirudi jioni akakuta kisima kimepanda mpaka ngazi ya tatu. Akauliza ni nini hii. Nikasema baraka. Akanigusa kichwa, akasema baraka yake ina nywele mbichi. Hakuuliza tena mpaka leo.

Na nikuambie la ndani zaidi, ambalo hata Padri sitamwambia. Mpaka nilipoanza barua hii nilikuwa nimeamua kuapa. Uongo mtupu, juu ya utosi wa mtoto wangu. Nilijiambia Mungu anajua nani mwizi, atafumba jicho moja. Jana kutwa nilizoea yale maneno nikikanda unga, mpaka yakawa hayaniumi. Nilitaka kukuandikia kwamba nimeapa na nimeshinda. Ndipo huyu akapiga mkono wake kwenye karatasi.

Ni mkono uleule, Wadha. Upana uleule. Baba aliuweka mkono wangu ukutani uwe shahidi wa kweli, na mimi nichukue kichwa cha mwenye mkono huu nikifanye shahidi wa uongo? Kwa ajili ya Freih? Ami Freih ametunyang'anya mengi, hili hatalipata.

Lakini usidhani nimelainika. Nimepata lililo kali zaidi, nashangaa sikuliona mapema. Sitaapa. Nitasema ndiyo, ni mimi, kwa mkono huu. Kisha nitawauliza wazee, mtu anaweza kuiba maji ya baba yake? Kama kisima ni cha Freih, mimi ni mwizi, nifungeni. Kama ni cha Saliba, nimehamisha maji yangu kutoka chumba changu cha juu kwenda cha chini. Sasa hawawezi kunihukumu kabla hawajajua kisima ni cha nani, na hawawezi kujua bila kushuka. Shitaka lake mwenyewe ndilo litakalofungua kufuli yake. Na kikombe kile nataka akinywe mbele yangu, baridi, nikiwa nimeshamwambia maji yametoka wapi.

Kwa hiyo njoo. Dereva wa lori la ngano anaondoka leo na barua hii, atakuwa Salt kesho. Panda naye arudipo Ijumaa. Usilete kitu, usilete hata zawadi ya mtoto, lete mkono wako wa kushoto na kile kidole chake kifupi. Mkono wangu umekua, wataweza kusema ni wa yeyote. Wa kwako hakuna wa kuufananisha. Hakimu si samaki, lakini kidole atakiona. Mumeo akikuuliza mwambie ni kisima cha babu wa watoto wake pia, na kama anaona aibu mwanamke kudai, na abaki nyumbani aone aibu, wewe uje.

Nibusie wanao wote, mkubwa kwa mdogo. Mpe mama mkwe pole za goti. Mwambie binti yako wa kwanza kwamba nimemwekea chupa ya zeituni za mwaka jana, na mkono wa mama yake umo kisimani kama wangu umo. Mungu akulete salama kwenye nyumba ambayo, akipenda, Jumamosi itakuwa na maji ya baba yetu kwa jina la baba yetu.

Ni mimi mdogo wako,
Mizna binti Saliba

Swailem anaita, Mama Nijmeh, njoo na mtoto, wazee wanangoja. Namsikia Ami Freih anauliza kama kuku jike amekwama kwenye yai. Mkono wa huyu bado mweusi, nimeusugua haukutoka, na sasa sitaki utoke. Nitaingia nao hivihivi, nitaunyanyua pamoja na wangu waone wote, niseme wazee wangu, msimtafute mbali, aliyeking'oa kizibo cha Saliba ni